Nusu ya Nini? Mfundishe Mdogo Wako Sehemu kwa Mafumbo ya Sikukuu

Ukurasa wa masomo safari hii ni wenu ninyi wa sekondari mnaorudi nyumbani Desemba. Shule zimefungwa, mvua imeshika, migomba inachuruzika maji, na jikoni kakaa mdogo wako wa darasa la nne ambaye ripoti yake ya Hisabati haikumfurahisha mtu. Baba anakutazama wewe: "Si uko Fomu Tuu? Haya, mfundishe mwenzako." Ukichungulia daftari la mwenzako utakuta kilichomwangusha ni sehemu. Zile namba mbili zilizopandana, moja juu nyingine chini.

Labda utajiuliza, gazeti la afya linatafuta nini kwenye sehemu? Subiri kidogo. Tukifika kwenye chumvi utaona.

Anza na maneno aliyo nayo

Wewe umeshazoea Hisabati ya Kiingereza. Yeye bado anasoma kwa Kiswahili, kwa hiyo yale majina uliyokariri kidato cha kwanza yaache kwenye begi. Kwake namba ya juu inaitwa kiasi na ya chini inaitwa asili. Asili inasema kitu kizima kimegawanywa mafungu mangapi yaliyo sawa. Kiasi kinasema umechukua mafungu mangapi. Hakuna zaidi ya hapo.

Tena hajui tu kwamba anajua. Mtume sokoni Tukuyu akanunue robo kilo ya dagaa na nusu kilo ya sukari, hatakosea. Ongeza majina mengine ambayo Kiswahili kilichukua kutoka Kiarabu: theluthi ni 1/3, humusi ni 1/5, sudusi ni 1/6, thumuni ni 1/8. Watu wa pwani wameyatumia siku nyingi katika kugawa mirathi, ambapo kukosea kati ya sudusi na thumuni kunaweza kuvunja undugu. Na kama babu yupo karibu, mwulize kwa nini zamani sarafu ya senti 50 iliitwa sumni, yaani thumuni, wakati ni nusu ya shilingi. Thumuni ya nini? Mwache ajieleze.

Hilo swali, "ya nini?", ndilo nataka ulifundishe kuliko kanuni yoyote. Nusu peke yake haijui ukubwa wake. Nusu ya chapati, nusu ya debe, nusu ya kidonge: zote zinaandikwa 1/2, na zote ni vitu tofauti kabisa. Kila mdogo wako anapotamka sehemu, mwulize "ya nini?" mpaka aanze kujiuliza mwenyewe.

Kreti tupu ya soda

Walimu huita maswali ya maneno "mafumbo", na watoto wengi huyaogopa. Sababu moja ni kwamba mafumbo mengi yametungwa vibaya. Ukimwambia mtoto wa Lufingo kwamba mtu fulani alikula 3/7 ya tikiti maji, hamwoni huyo mtu, na hakuna mama duniani anayekata tikiti mafungu saba sawa. Fumbo zuri lina kitu anachokitamani, na jibu lake anaweza kulihakiki kwa macho. Sikukuu imejaa vitu vya namna hiyo.

Kwa kuanzia tafuta kreti tupu ya soda. Ina vyumba 24, safu 6 zenye vyumba 4 kila moja. Nakwambia hakuna kifaa cha kufundishia kilicho kizuri kama hiki, maana 24 inagawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 6, kwa 8 na kwa 12. Jaza kokoto badala ya chupa. Kisha mpe fumbo:

*Siku ya Krismasi baba alileta kreti moja ya soda. Asubuhi wageni walikunywa nusu ya kreti. Mchana walikuja wanakwaya, wakanywa theluthi ya kreti. Ni sehemu gani ya kreti imekunywewa?*

Mwache aandike anavyojua. Uwezekano mkubwa ataandika 1/2 + 1/3 = 2/5, kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Usimcheke, na kofi lisikaribie. Mtoto aliyeogopa anakumbuka kofi, lile somo halikumbuki. Mwambie tu atoe kokoto. Nusu ya 24 ni 12, anatoa 12. Theluthi ya 24 ni 8, anatoa 8. Jumla 20. Zimebaki ngapi? Nne, yaani safu moja tu kati ya sita. Kwa hiyo safu tano zimekunywewa: 5/6.

Sasa mrudishe kwenye 2/5 yake. Mbili ya tano ya 24 haifiki hata 10. Inawezekanaje asubuhi peke yake wanywe 12, kisha mchana waongezee, halafu jumla iwe chini ya 10? Ataguna mwenyewe. Hapo ndipo umweleze kwamba kabla ya kujumlisha mafungu lazima yalingane ukubwa: 1/2 ni 3/6, na 1/3 ni 2/6, ukijumlisha unapata 5/6. Ile "kigawe kidogo cha shirika" anayoimbiwa darasani kazi yake ndiyo hiyo, kutafuta fungu moja linaloweza kupima vyote viwili.

Robo na theluthi, ipi kubwa?

Mwulize mtoto: utachukua 1/3 ya mkate au 1/4? Wengi watachukua 1/4, eti kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Usidhani ni utoto. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, migahawa ya A&W ilianza kuuza mkate wenye nyama ya theluthi ratili ili kushindana na ule wa robo ratili wa McDonald's. Nyama ilikuwa zaidi, kama gramu 150 dhidi ya 113, na bei haikuzidi. Haikutoka. Aliyekuwa mmiliki wake, Alfred Taubman, aliandika baadaye katika kitabu chake cha mwaka 2007 kwamba walipowahoji wateja, wengi walilalamika: kwa nini tulipe sawasawa kwa nyama pungufu? Watu wazima hao, wenye magari.

Tiba yake ni kamba ya mgomba iliyokauka, ambayo Lufingo hainunuliwi. Kata kamba mbili za urefu uleule. Moja ikunje mara mbili upate robo. Nyingine ikunje mafungu matatu sawa upate theluthi. Ziweke sambamba. Kadiri walaji wanavyoongezeka ndivyo kila mtu anavyopata kipande kidogo, hilo mtoto wa familia kubwa analijua kabla hajajua kuandika. Ila angalia kamba ziwe na urefu sawa tangu mwanzo. Zisipolingana, utakuwa umemfundisha uongo.

Na mafungu yenyewe yawe sawa. Kuku wa Krismasi akikatwa vipande vitatu, paja, kidari na shingo, aliyepewa shingo hajapata theluthi. Nalisema hili kwa sababu katika nyumba nyingi shingo inajua njia ya kwenda kwa mabinti waliokuwa jikoni tangu alfajiri. Nao wanakua, nao wanahitaji nyama na damu ya kutosha. Tuendelee.

Mikate ya Misri

Kugawa chakula ni mafumbo ya zamani mno. Kama mwaka 1550 kabla ya Kristo, huko Misri, karani mmoja aitwaye Ahmes alinakili kitabu cha hesabu kwenye mafunjo. Kitabu hicho sehemu yake kubwa iko leo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Mafumbo yake ya mwanzo ni kugawia watu 10 mikate: mkate 1, kisha 2, kisha 6, 7, 8 na 9. Jibu lake la mikate 6 ni tamu: kila mtu apate nusu mkate na moja ya kumi ya mkate. Kata mikate mitano nusu nusu, watu kumi wameshapata. Mkate wa sita ukate vipande kumi. Hakuna ugomvi, na kila sahani inaonekana sawa na ya jirani.

Jaribu njia hiyohiyo nyumbani. Mikate 3, watoto 4. Mdogo wako atakuna kichwa akitafuta 3 gawanya kwa 4. Mpe kisu cha Ahmes: mikate miwili ikate nusu nusu, kila mmoja kapata nusu. Wa tatu ukate robo nne. Kila mtoto ana nusu na robo, yaani robo tatu, 3/4. Kajibu kwa mikono kabla ya kujibu kwa kalamu.

Mtego wa "iliyobaki"

Sasa mpandishe ngazi kidogo. *Mama alinunua kilo 12 za mchele wa Kyela. Krismasi alipika nusu. Mwaka Mpya alipika theluthi ya uliobaki. Umebaki kilo ngapi?*

Anayekimbia atachukua theluthi ya 12, ambayo ni 4, na kusema zimebaki kilo 2. Lakini theluthi ya nini? Fumbo limesema ya *uliobaki*. Zilibaki 6, theluthi yake ni 2, kwa hiyo mama bado ana kilo 4. Neno moja limebadilisha sufuria nzima. Mitihani mingi ya darasa la saba inapenda mtego huu, na kusema kweli hata kidato cha nne haujaisha.

Kwa jirani Mwislamu fumbo lipo pia. Idi ya kuchinja, wengi hugawa nyama mafungu matatu: moja la nyumbani, moja la ndugu na marafiki, moja la maskini. *Nyama ni kilo 18. Fungu la maskini likagawiwa nyumba 4 sawasawa. Kila nyumba ilipata sehemu gani ya nyama yote?* Theluthi ni kilo 6. Robo ya kilo 6 ni kilo moja na nusu. Na robo ya theluthi ni 1/12, kwa sababu ukiyakata mafungu yote matatu robo nne nne utapata vipande kumi na viwili. Hiyo ndiyo kuzidisha sehemu kwa sehemu: 1/4 × 1/3. Mtoto huona ajabu kwamba amezidisha na jibu limepungua. Mwonyeshe nyama.

Sasa chumvi

Sikukuu ina chakula kilicholala, maji yaliyotekwa haraka na mikono mingi kwenye sahani moja. Mvua inasukuma uchafu kuelekea mtoni na kwenye visima. Kuhara hakuchelewi, hasa kwa watoto wadogo. Anayetumwa kukoroga maji ya chumvi na sukari, mara nyingi, ni mtoto wa miaka tisa au kumi. Mdogo wako huyohuyo.

Kwanza kabisa, pakiti ya ORS kutoka zahanati au duka la dawa ndiyo bora. Soma imeandikwa ni ya maji kiasi gani, kisha weka pakiti *nzima* katika maji hayo yote. Usiigawe kwa kukisia. Mchanganyiko uliopitisha saa 24 mwaga, tengeneza mwingine.

Pakiti ikikosekana, kipimo cha nyumbani ni hiki: maji safi na salama lita 1, vijiko vya chai 6 vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko vyote viwe vimesawazishwa, visiwe na kichuguu. Ukionja, isiwe na chumvi kuzidi machozi. Sukari ikizidi sana inaweza kuongeza kuhara. Chumvi ikizidi ni hatari, inaweza kumdhuru mtoto aliyekwisha kuishiwa maji.

Fikiria sasa mtoto aliyekariri "nusu kijiko cha chumvi" bila kuuliza ya nini, na kwa nini. Nyumbani hakuna chupa ya lita, ipo ya nusu lita. Anaweka nusu kijiko kilekile. Maji yamekuwa nusu, chumvi imebaki ileile, kwa hiyo imezidi mara mbili. Kilichotakiwa ni nusu ya nusu, yaani robo kijiko, pamoja na sukari vijiko 3. Halafu tuseme kachukua kijiko kikubwa cha chakula. Hicho kimoja ni sawa na vitatu vya chai. Nusu yake ni kijiko kimoja na nusu cha chai, mahali palipohitaji robo. Hesabu mwenyewe: robo ziko ngapi katika moja na nusu? Sita. Mtoto mchanga anapewa chumvi mara sita, na aliyekoroga ataapa kwamba aliweka nusu kijiko kama alivyofundishwa. Wala hadanganyi.

Vidonge navyo ni vilevile. Mtoto anayehara hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: aliye chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10 kwa siku, mwenye miezi 6 hadi miaka 5 miligramu 20. Kidonge kikiwa cha miligramu 20, mdogo anapata nusu, mkubwa kizima. Lakini nusu ya kidonge cha maumivu cha miligramu 500 ni 250, na nusu ya cha miligramu 100 ni 50. Jirani akikwambia "mimi wangu nampa nusu", unajua sasa swali la kumwuliza. Na kabla hujavunja kidonge chochote, mwulize mhudumu wa afya.

Mtoto anayehara aendelee kunyonya na kula. Akiwa amelegea, macho yamebonyea, anashindwa kunywa, anatapika kila kitu au ana damu kwenye choo, acheni hesabu, mpelekeni kituo cha afya mara moja.

Jaribuni haya, wewe na mdogo wako

1. Shangazi kaleta mkungu wenye chane 9. Theluthi walipewa majirani. Nusu ya zilizobaki zilipikwa Krismasi. Zimebaki chane ngapi, na ni sehemu gani ya mkungu?

2. Mama ana lita 3 za maziwa, na kila kikombe cha mgeni kinachukua robo lita. Wageni ni 14. Wangapi watakunywa chai ya rangi?

3. Chupa yenu ni ya lita moja na nusu. Mtaweka vijiko vingapi vya chai vya sukari, na chumvi kiasi gani?

4. Mtoto wa miezi 4 ameandikiwa zahanati nusu kidonge cha zinki kwa siku, siku 10. Vitatumika vidonge vizima vingapi?

5. Dada alikula 1/2, kaka alikula 1/4, na bado kaka alikula chapati nyingi zaidi. Inawezekanaje?

Majibu (usichungulie!)

1. Majirani chane 3, zikabaki 6, zikapikwa 3. Zimebaki 3, ambazo ni theluthi ya mkungu.

2. Lita 3 zina robo 12. Wageni 2 watakunywa chai ya rangi.

3. Sukari vijiko 9. Chumvi nusu kijiko kwa lita ya kwanza na robo kwa ile nusu lita, jumla robo tatu ya kijiko cha chai.

4. Vidonge 5.

5. Dada alikula nusu ya chapati moja. Kaka alikula robo ya sahani iliyokuwa na chapati 8, yaani 2.